Uzito, Kani na Kazi: Uhakiki wa Lugha ya Fizikia ya Awali katika Shule za Msingi Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kufundishia dhana za awali za fizikia katika madarasa ya juu ya shule za msingi nchini Tanzania. Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili umejikita katika swali la iwapo istilahi zipo au hazipo. Makala yanadai kwamba, kwa kiwango cha shule ya msingi, swali hilo limekwisha kujibiwa, na kwamba udhaifu uliosalia umo katika sentensi zinazozibeba istilahi hizo. Kwa kuchunguza istilahi uzito, tungamo, kani, nguvu, kazi na jitihada, makala yanaonyesha kuwa maana ya mazoea huendelea kutawala ndani ya fasili na ndani ya vitenzi hata pale istilahi yenyewe ilipoundwa vizuri. Mifano inatolewa kwa kuzingatia mazingira ya Kalemela, mkoani Simiyu. Inapendekezwa kwamba istilahi zihakikiwe kwa makundi na ndani ya sentensi, badala ya kuhakikiwa moja moja ndani ya orodha.

1. Utangulizi

Mkulima wa Kalemela anapofikisha pamba yake kwenye mizani, hutajiwa uzito wake kwa kilo. Tuseme mzigo ni wa kilo 50. Uzito huo huandikwa, huzidishwa kwa bei, na malipo hufuata. Mtoto wa mkulima huyo, akiwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, hufundishwa kwamba uzito haupimwi kwa kilo. Hupimwa kwa nyutoni. Hufundishwa pia kwamba kile kinachopimwa kwa kilo huitwa tungamo. Kwa upande wa fizikia, mwalimu hajakosea. Kwa upande wa Kiswahili, mzazi naye hajakosea. Aliyeachwa katikati ni mtoto, ambaye anatakiwa ama aamini kwamba mzani wa pamba hausemi kweli ama aamini kwamba somo la sayansi lina lugha yake isiyohusiana na mizani ya kwao.

Makala haya yanaichukua hali hiyo kuwa tatizo la lugha kabla ya kuwa tatizo la ufundishaji. Tumeichagua Kalemela kama mahali pa kupimia hoja, si kama eneo la utafiti wa kitakwimu. Sababu ni mbili. Kwanza, Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ni kitovu cha kilimo cha pamba nchini, na kwa hiyo kupima, kubeba, kukokota na kuinua ni vitendo ambavyo mtoto huviona tangu utotoni. Pili, lugha ya nyumbani kwa wengi huko ni Kisukuma. Kiswahili ni lugha ya darasani, na istilahi za Kiswahili ndizo zinazompa mtoto mlango wa kwanza wa kuingilia katika fikra za kisayansi. Kwa wale ambao masomo yao huishia hapo, mlango huo ndio wa mwisho pia.

2. Istilahi zilivyofika darasani

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali mwaka 1967, mwaka uleule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kurithi kazi ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliendelea kukusanya na kusanifisha istilahi, na mwaka 1990 ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kamusi hiyo ni kazi kubwa, na hoja zitakazofuata hazikusudii kuipunguzia heshima. Hata hivyo, inafaa kukumbuka wakati ilipotoka. Tume ya Rais ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo likakataliwa mwaka 1984. Kamusi ilipochapishwa, madarasa ambayo yangezizoesha istilahi zake kwa kina yalikuwa yamebaki mikononi mwa Kiingereza. Istilahi zilizoundwa kwa ajili ya mfumo mzima wa elimu zikabaki na makao ya kudumu katika shule ya msingi tu.

Matokeo yake ni kwamba istilahi hizi zimeishi katika orodha na katika sura chache za vitabu vya kiada. Hazikupata fursa ya kutumika katika mijadala mirefu, katika majibu ya mitihani ya ngazi za juu, na katika mabishano ya wanafunzi wakubwa, yaani mahali ambapo istilahi husuguliwa hadi ikakaa sawa. Ndiyo maana uhakiki wa istilahi umekuwa ukiziangalia kama maneno yaliyosimama peke yake: je, neno linaeleweka, ni fupi, limetokana na lugha za Kibantu, limekubalika? Mtazamo huo una mizizi katika nadharia ya Eugen Wüster, iliyotaka kila dhana iwe na istilahi moja na kila istilahi iwe na dhana moja. Baadaye Maria Teresa Cabré alisisitiza kwamba istilahi ni sehemu ya lugha ya kawaida inayopata thamani yake maalumu katika muktadha wa mawasiliano. Mtazamo wa Cabré ndio unaotufaa hapa, kwa sababu mtoto hakutani na istilahi ndani ya orodha. Hukutana nayo ndani ya sentensi ya mwalimu.

3. Uzito na tungamo

Katika fizikia, tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nacho hakibadiliki kitu kikihamishwa. Uzito ni kani ambayo dunia hukivutia kitu hicho. Mzigo wa kilo 50 una uzito wa takribani nyutoni 490 hapa duniani. Mzigo uleule ukipelekwa mwezini, tungamo hubaki kilo 50 na uzito hushuka hadi takribani sehemu moja ya sita.

Sasa tuangalie neno uzito katika matumizi ya wazungumzaji. Mnunuzi wa pamba analipia nini? Analipia pamba, yaani maada. Hanunui mvuto wa dunia. Anapotaja uzito wa kilo 50, dhana anayoikusudia ni ileile ambayo fizikia inaiita tungamo. Usanifishaji, kwa hiyo, ulilichukua neno ambalo tayari lilikuwa na kazi, ukalihamishia kwenye dhana ya pili, kisha ukaleta neno jipya ili lijaze nafasi lililoiacha. Uhamisho huo ulifanyika katika kamusi; sokoni haukufanyika. Hadi leo maandishi ya biashara, ya hospitali na ya michezo hutaja uzito kwa kilo. Mtoto anapoandika kwamba uzito wa mfuko ni kilo 50 na akakosa alama, anakuwa ameadhibiwa kwa kukijua Kiswahili.

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Wajerumani nao walikuwa na neno moja la mazoea lililoelea kati ya dhana hizi mbili. Katika vitabu vyao vya shule wamelitatua kwa kutumia neno ambatani Gewichtskraft, yaani kani ya uzito. Kwa njia hiyo hawakumnyang'anya muuza duka neno lake. Kiswahili kina uwezo uleule bila kuunda neno lolote jipya. Fungutenzi na fungunomino zetu zinaruhusu kusema kani ya uzito pale tunapotaka nyutoni, na kumwacha mkulima na uzito wake wa kilo mpaka mwanafunzi akomae na kulipokea neno tungamo. Tofauti ya dhana ingebaki, ila ingetokana na nomino kani, ambayo ndiyo inayobeba sayansi, badala ya kutegemea mtoto akane maana anayoisikia kila siku.

4. Kani na nguvu

Uamuzi wa kutumia kani kwa dhana hii ni miongoni mwa maamuzi bora ya wasanifishaji. Neno hilo lilikuwapo katika Kiswahili likiwa na maana inayokaribia ukakamavu na ushupavu, lakini matumizi yake yalikuwa finyu kiasi kwamba liliweza kupokea maana mpya bila kugombana na ya zamani. Nguvu haina nafasi hiyo. Nguvu ni afya, ni mamlaka, ni bidii, ni ukali wa dawa, ni umeme uliotosha. Kwa mtoto wa Kalemela mzigo huo ni maradufu, kwa kuwa Kisukuma kina nguzu, neno la asili moja na nguvu, na maana zake za nyumbani huja naye darasani zote kwa pamoja. Kani huja bila ndugu. Kwa istilahi, huo ni mtaji.

Kuna pia sababu ya kisarufi. Fizikia huhesabu kani: kani mbili zinazopingana, kani tatu zinazokiweka kitu katika msawazo. Nguvu, katika matumizi ya mazoea, huelekea kuwa nomino ya wingi usiohesabika. Tunasema ana nguvu nyingi. Si kawaida kusema ana nguvu nne. Mwanafunzi anayefikiri kwa nguvu hufikiri juu ya kiasi kilichomo ndani ya kitu, ilhali fizikia inamtaka afikiri juu ya mahusiano kati ya kitu na kitu.

Hapa ndipo sentensi inapoiangusha istilahi. Hata mahali ambapo kani imetumika, vitenzi vinavyoizunguka mara nyingi vimebaki vya nguvu: kuwa na, kupata, kuishiwa, kumaliza. Mpira unaoviringika uwanjani na hatimaye kusimama huelezwa kwamba umeishiwa nguvu. Ukiweka kani mahali pa nguvu na kusema kani yake imekwisha, istilahi imekuwa sanifu lakini fizikia imebaki ileile ya kabla ya Newton. Mpira haukuwa na kani ndani yake ambayo ingeweza kwisha. Ulisimama kwa sababu ardhi iliusugua kwa kani iliyopinga mwendo wake. Kosa hili limo katika kitenzi, na hakuna kamusi ya nomino itakayolirekebisha. Fasili isemayo kwamba kani ni nguvu ya kusukuma au kuvuta ina udhaifu huohuo: inamrudisha mwanafunzi kwenye neno ambalo istilahi iliundwa ili kuliepuka.

Madhara ya kuchanganya maneno haya mawili hayaishii kwenye dhana moja. Istilahi kanieneo imeunganisha kani na eneo, na kwa kufanya hivyo imebeba kanuni nzima ndani ya neno: kani igawanywe kwa eneo. Ni nadra istilahi kumfundisha mtu kiasi hicho kwa umbo lake tu. Mtoto anayejua kwamba jembe lililonolewa huzama ardhini kwa urahisi kuliko lililo butu angeweza kuisoma sababu ndani ya neno lenyewe. Lakini darasa lililozoea kusema nguvu haliioni kani ndani ya kanieneo. Neno hugeuka kuwa silabi tano za kukariri. Istilahi huundwa kama ukoo. Ukimwondoa mmoja, wengine hupoteza jina la baba yao.

5. Kazi, jitihada na mashine rahisi

Mada ya mashine rahisi hupendwa na walimu kwa kuwa mifano yake iko karibu: wenzo, kapi, mteremko, gurudumu na ekseli. Katika Kalemela haihitaji maabara. Mtaimbo unaong'olea jiwe, toroli, mpini wa pampu ya kisima na mkokoteni wa ng'ombe vyote ni vielelezo. Istilahi za wenzo nazo zinaeleweka: egemeo, mzigo na jitihada.

Tuanze na jitihada. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, ni neno la maadili. Ndilo linaloandikwa katika taarifa za maendeleo ya mwanafunzi: aongeze jitihada. Ndani ya somo la wenzo, mtoto huyohuyo hujifunza kwamba ubora wa kifaa ni kupunguza jitihada. Hakuna mgongano wa kifizikia hapa, lakini kuna mgongano wa kimaana ambao vitabu haviutaji. Zaidi ya hayo, umbo la neno jitihada halidokezi kwamba linalotajwa ni kani, tena kani inayopimwa kwa nyutoni kama ilivyo ile ya mzigo. Hatupendekezi neno lifutwe, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Tunapendekeza sentensi ya kwanza inayolitambulisha iseme wazi kwamba jitihada ni kani ambayo mtu huiweka kwenye wenzo.

Kazi ina historia nzito zaidi. Hili ni neno lililobeba siasa na utu wa taifa tangu kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Kazi ni heshima, ni ajira, ni uchovu wa jioni. Katika fizikia, kazi hufanyika pale tu kani inapokisogeza kitu katika mwelekeo wake. Mama aliyesimama foleni na ndoo ya maji kichwani kwa nusu saa, bila kusogea, haifanyii ndoo kazi yoyote. Mwalimu anayetamka hivyo bila maandalizi haeleweki kama mtu aliyetoa fasili. Anaeleweka kama mtu aliyemtukana mama. Mwanafunzi mwenye busara atanyamaza, ataandika jibu linalotakiwa, na hataamini.

Fasili iliyozoeleka, kwamba mashine rahisi ni kifaa kinachorahisisha au kupunguza kazi, huonyesha jinsi maana ya mazoea inavyorudi kwa mlango wa nyuma. Tuchukue wenzo ambao mkono wake wa jitihada ni mrefu mara tatu ya mkono wa mzigo, na mzigo wenye uzito wa nyutoni 600. Tukipuuza msuguano, jitihada ya nyutoni 200 inatosha kuuinua. Lakini ili mzigo upande mita 0.2, mkono wa jitihada lazima ushuke mita 0.6. Kazi kwa upande wa mzigo ni jouli 120. Kazi kwa upande wa jitihada ni jouli 120 vilevile. Hakuna kazi iliyopungua. Kilichopungua ni kani, na gharama yake imelipwa kwa umbali. Fasili inayosema kazi imepungua ni sahihi katika Kiswahili cha shambani na si sahihi katika fizikia, na mwanafunzi hupewa zote mbili katika ukurasa mmoja bila kuonywa kwamba amevuka mpaka. Fasili isemayo kwamba mashine rahisi ni kifaa kinachobadili ukubwa au mwelekeo wa kani ingekuwa fupi vilevile, na ingekuwa kweli.

6. Istilahi zilizofaulu na mipaka yake

Haitakuwa haki kuhakiki bila kutaja mafanikio. Msuguano na mvutano zimetokana na vitenzi sugua na vuta, vikapokea kiambishi tendeana -an- na kuishia na -o. Kiambishi hicho kinadai washiriki wawili. Kitu hakiwezi kusuguana peke yake. Hivyo mofolojia ya Kiswahili inamweleza mtoto jambo ambalo wanafunzi wa lugha nyingine hulazimika kuelezwa kwa maneno mengi: dunia inalivuta jiwe, na jiwe nalo linaivuta dunia. Kanuni ya tatu ya Newton imekaa ndani ya kiambishi kimoja.

Hata hapa, hata hivyo, umakini unahitajika. Katika magazeti mvutano ni mzozo, na kila mzozo hutafuta mshindi. Ng'ombe wanapokokota mkokoteni, wanafunzi huweza kudhani kwamba ng'ombe wameshinda kwa sababu kani yao juu ya mkokoteni ni kubwa kuliko kani ya mkokoteni juu yao. Sivyo. Kani hizo mbili ni sawa. Mkokoteni husogea kwa kuwa kani ya ng'ombe juu yake ni kubwa kuliko msuguano unaouzuia, na ng'ombe husogea kwa kuwa kwato zao huisukuma ardhi nayo ardhi ikawasukuma mbele. Kiambishi kimetoa nusu ya maarifa. Nusu ya pili sharti itolewe na sentensi inayotaja kila kani inatoka wapi na inakwenda wapi.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kiingereza nacho hutumia maneno ya kila siku kwa dhana za fizikia, na wanafunzi wa Uingereza hukosea vivyo hivyo. Hilo ni kweli, na linathibitisha kwamba udhaifu tunaoujadili hautokani na upungufu wa Kiswahili kama lugha. Tofauti ni muda. Mwanafunzi wa Uingereza huendelea kulisugua neno lilelile kwa miaka mingi hadi maana mbili zitengane. Mwanafunzi wa Kalemela hunyang'anywa neno anapoingia kidato cha kwanza. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi imepangwa kuwa ya miaka 6 badala ya 7, na hivyo muda wa kuyatulizia maneno haya unazidi kufupika.

Pingamizi la pili linafuata hapo: ikiwa Kiingereza kinasubiri, kwa nini tujisumbue na sentensi za Kiswahili? Jibu ni kwamba dhana haibadilishwi na lugha mpya. Mwanafunzi anayefika sekondari akiwa hajatenganisha uzito wa kilo na kani ya uzito atakariri maneno mawili ya Kiingereza kwa ajili ya dhana moja iliyochanganyikana. Atakaloliita baadaye tatizo la Kiingereza litakuwa lilianza kama sentensi ya Kiswahili ambayo hakuna mtu aliyeihariri.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba istilahi za awali za fizikia kwa Kiswahili zipo, na kwamba baadhi yake, hususan kani, kanieneo na msuguano, zimeundwa kwa ustadi. Yameonyesha pia kwamba ustadi huo hupotea pale fasili inapotumia neno la mazoea kuelezea neno la kitaalamu, na pale vitenzi vya umiliki vinapoandamana na nomino za mahusiano. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, waandishi na wahariri wa vitabu vya kiada watumie kani peke yake kwa dhana ya kani, na waandike kani ya uzito kila wanapokusudia nyutoni. Pili, kamusi za istilahi zitakazofuata zitoe, pamoja na nomino, vitenzi na sentensi za mfano zinazoonyesha istilahi ikitenda. Tatu, idara za isimu zihesabu uhariri wa sentensi za sayansi ya shule ya msingi kuwa ni sehemu halali ya kazi yao ya kitaaluma, na wahitimu wao wapewe sura za vitabu hivyo kama matini ya kuhakiki.

Kazi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kuunda istilahi upya, na haihitaji kusubiri uamuzi wa sera kuhusu lugha ya kufundishia sekondari. Ikifanyika, mtoto wa mkulima wa pamba ataweza kusimama kando ya mizani, akasoma kilo 50, akamwambia mzazi wake kwamba dunia inauvuta mzigo huo kwa kani ya nyutoni 490, na wote wawili wakawa wamesema kweli kwa lugha moja.